Mwaka wa Ikulu ya Baba

Tulikuwa jikoni, wanawake watupu, siku ya kuanua matanga ya mama, tunasugua masufuria makubwa ya kuazima, Gaudensia alipoanza. Gaudensia ni binti wa baba mdogo Romanus. Tumekua pamoja, tumepokea Komunyo ya Kwanza pamoja, na hajawahi kukiona kidonda changu akakipita bila kukigusa. "Jamani," akawaambia wale wakwe vijana wasiojua habari, "mnamwona dada yenu huyu na miwani yake? Huyu ndiye aliyetujengea Ikulu hapa hapa kijijini. Ikulu ya Wahindi! Ukitaka kuingia, kwanza usujudu." Wakacheka mpaka mmoja akaangusha mwiko. Nami nikacheka, maana msibani ukitaniwa usipocheka watu wanasema una lako moyoni. Lakini uso uliniiva. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, nimechora madarasa na zahanati na nyumba za mapadre kutoka Songea hadi ziwani, nimegombana na makandarasi wenye vitambi nikawashinda, na bado neno moja tu, Ikulu, lilinirudisha kuwa msichana aliyekamatwa analamba sukari ya wageni. Nikainamia sufuria langu nikalisugua mpaka Gaudensia akasema, "Hilo limeshatakata, dada, utalitoboa."

Basi nitaueleza mimi mwenyewe mwaka ule, kwa sababu Gaudensia ana namna yake ya kuueleza, na kila msiba anauongezea chumvi. Nilikuwa nasomea usanifu wa majengo India, katika mji wa Udaipur, uliokuwa makao ya wafalme wa Mewar, watu wa kabila la vita wanaoitwa Rajput. Mwaka wa tatu nikaugua ini. Macho yakawa ya njano, chakula kikawa hakikai, chuo kikasema nirudi nyumbani nipumzike mwaka mzima, na nikiwa huko niandike insha moja ndefu kuhusu jinsi majumba ya wafalme hao, yale yaliyojengwa kuzunguka nyua za ndani, yalivyokua kutoka lile la kwanza mpaka la mwisho. Nikateremka kwenye lori pale Mbinga nimekonda, nimejifunga kitambaa kichwani, dawa kwenye kikapu, na kopo refu la bati lenye michoro kwapani. Nilitapika mbele ya watu kabla sijamaliza kumwambia baba shikamoo. Kijijini kwetu, upande wa Namswea, habari hiyo haikuhitaji kuongezwa kitu. Msichana kapelekwa ng'ambo kwa misa na mbuzi, karudi kabla ya wakati, anatapika. Nani asiyejua hesabu hiyo?

Chumba nilicholazwa kilikuwa ubavuni mwa jiko, na dirisha lake dogo lilitazama uwanjani, mbele ya nyumba, pale sengu ilipokaa. Kwa asiye wa kwetu niseme: sengu ni mlo wa pamoja wa wanaume wa ukoo. Kila mke anapika kwake, chakula kinapelekwa uwanjani kwa mkubwa wa ukoo, wanaume na wavulana wanakula pamoja, na hapo hapo wanazungumza mambo yote: mipaka, ndoa, watoto watukutu, bei ya kahawa. Mkubwa wa ukoo wetu alikuwa baba. Anayepita njiani anaitwa, "Karibu, tonge hili hapa!" na asipokuja anaulizwa anakwenda wapi na kwa nini. Mimi nililala mle chumbani, nimejifunika blanketi mbili kwa baridi ya Mbinga, harufu ya maharage na likolo, ile mboga ya majani ya kwetu, inanichafua roho, na mazungumzo yao yote yanaingia dirishani. Jioni moja nikamsikia mmoja akisema, "Kaka, huyu mtoto, masomo ndiyo yamekwisha au vipi?" Baba akajibu, "Anaumwa." Halafu sauti nyingine, sitaitaja maana mwenyewe tumeshamzika, ikasema, "Tungoje tu. Huo ugonjwa ukifika miezi tisa utatambaa wenyewe." Wakacheka. Baba hakucheka. Nilisikia tu akiomba maji ya kunawa kabla wenzake hawajamaliza, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Nikavuta blanketi mpaka juu ya kichwa.

Kesho yake aliingia chumbani, akakaa kwenye kona ya kitanda, akagonga lile kopo la bati kwa ukucha. "Humu mna nini? Nionyeshe." Nikamtandazia michoro juu ya blanketi, na ikawa ndiyo kazi yetu kila jioni kabla sengu haijakaa. Nilianza na ngome ya zamani, Chittor, juu ya mlima wenye kichwa bapa. Kule jumba la mfalme lilikuwa la mawe mazito, vyumba vimejazana kuzunguka ua, hakuna kilicholingana na mwenzake, zizi la farasi hapa, ghala pale, upande wa wanawake nyuma kabisa, na vijiroshani vimetokeza ukutani vya kuchungulia nje. Ngome ilipotekwa, mfalme akahamia milimani kando ya ziwa, akaanza upya na ua mmoja mdogo. Ua huo upo mpaka leo, ndio kitovu cha jumba. Mwanawe akaongeza ua wake ubavuni mwa ule wa baba yake, mjukuu akaongeza wa kwake, vizazi na vizazi, kila mmoja akijenga bila kuubomoa wa aliyemtangulia. Huwezi kutoka ua huu kwenda ule moja kwa moja. Unapita vishoroba vyembamba vinavyopinda, na milango mifupi, ili adui akiingia aingie mmoja mmoja, kainama, shingo tayari. Juu kabisa kuna bustani yenye miti mikubwa, unashangaa imeoteaje ghorofani, kumbe ni kilele cha kilima chenyewe, jumba limekimeza. Baadaye, walipozoeana na wafalme wakubwa wa Delhi, wakaiga matao yao yenye mawimbi na marumaru yao, na nyua mpya zikawa mraba, upande huu ukilingana na ule.

Baba alikuwa msikilizaji mgumu. Alikuwa na tabia ya kurudi kwenye jambo moja na kuling'ang'ania. "Hawakubomoa?" akauliza. Nikamwambia hawakubomoa. "Watu wenye adabu hao." Akafuata mstari wa kishoroba kwa kidole, akafika kwenye mlango mfupi, akatabasamu peke yake. "Na mkubwa yeyote lazima ainame?" Nikasema hata mkubwa. Matofali ya nyumba mpya yalikuwa yameshachomwa, tanuru lilikuwa pale nyuma ya kahawa, na kila mtu alijua nyumba itakavyokuwa: mstari mmoja, mlango katikati, sura barabarani, kama nyumba zote za bati za Mbinga. Baba akaweka kidole katikati ya mchoro, kwenye ule ua mdogo wa kwanza. "Tutajenga hii. Si yote, kipande tu. Watu waone kitu ulichokwenda kusomea." Mama alikuwa mlangoni na kikombe changu cha uji. Hakuna aliyemwuliza kitu. Sitadanganya, mimi nilifurahi mpaka nikasahau kutapika. Majuma mangapi nilikuwa nimelala pale nikiitwa mjamzito kupitia dirishani! Leo baba yangu, mbele ya mama, ananiita msanifu.

Fundi tulimfuata Mbamba Bay, kwa sababu baba alisema mafundi wa kwetu watamcheka kabla ya kuweka msingi. Mtu huyo, Mnyasa mpole aliyeitwa Yakobo, alitupokea kwake kwa mbasa, samaki wa ziwani, wa kuchoma na ugali wa muhogo, na huo ulikuwa mlo wa kwanza ulionikaa tumboni tangu nirudi. Tulikula tukilitazama ziwa, upande wa pili wa Malawi ukiwa umejificha kwenye ukungu. Baba akaniuliza kama ziwa la wafalme wangu linafika hapo. Nikamwambia baba, lile ni dogo, na kusema kweli ni la watu, walizuia mto kwa boma la udongo na mawe, likajaa. Akaacha kutafuna. "Ziwa la kutengenezwa?" Akamgeukia Yakobo, "Umesikia, fundi? Wafalme hao, pamoja na tembo wao, ziwa wamejitengenezea! Sisi letu tumepewa na Mungu, hatujawahi hata kusema asante." Walicheka wote wawili mpaka mke wa Yakobo akaja kuuliza kuna nini. Njia nzima ya kupanda mlima baba alikuwa anacheka, anapiga bodi la lori kwa kiganja. Nampenda sana katika siku hiyo. Ningeweza kuuacha mwaka uishie hapo, kwenye lile lori.

Nilichora. Na hapa ndipo wataalamu wenzangu wangenikamata mara moja, kama wangekuwepo. Kule Udaipur, kabla hujafika kwenye nyua za ndani, ukivuka lango unakuta kiwanja kikubwa, cheupe, wazi. Hapo ndipo raia walipokuja na mashauri yao, hapo ndipo farasi na tembo walipopangwa, na mfalme alijitokeza roshanini akaonekana. Jumba lile lilijificha kwa ndani, lakini kwa nje lilikuwa na mahali pa watu. Kiwanja hicho nilikichora kwenye ramani ya baba, kisha nikakifuta. Mlima wetu ni mteremko, nyuma ya jiko mashimo ya ngoro, kilimo chetu cha vishimo mlimani, yanaanza pale pale, mbele kuna miche ya kahawa ambayo baba asingeing'oa hata kwa ajili ya Papa. Nafasi ilikuwa ya ua mmoja. Nikachagua wa ndani kwa sababu ndio uliokuwa mzuri kwenye picha. Ukuta wa mbele wa nyumba mpya ukapita juu ya uwanja wa zamani, pale pale wanaume walipozoea kunyoosha miguu. Walipouliza sengu itakaa wapi, baba akajibu, "Ndani. Itakuwa na heshima zaidi." Baba mdogo Romanus alikuja akautazama msingi, akauzunguka, akasema, "Mh." Kwa anayemfahamu, hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Nyumba ikaisha wakati wa baridi kali. Padre akaja kuibariki, akagonga kichwa mlangoni, akasema maneno ya Kilatini ambayo hayakuwa kwenye kitabu, watu wakajizuia. Jioni ile sengu ilikaa ndani kwa mara ya kwanza. Wazee wa ukoo waliingia mmoja mmoja kwenye mlango wangu mfupi, wamejikunja, fimbo zinagonga kuta za kile kishoroba cha kupinda, na aliyetangulia hakuweza kurudi kumsaidia aliyekwama. Wanawake wakafuata na vyakula vichwani. Mtu mwenye sinia kichwani hawezi kuinama, na mimi, msanifu, sikuwa nimelifikiria hilo, mimi niliyebeba masinia hayo utoto wangu wote. Gaudensia alijaribu kulishusha lake kwenye kona, maharage ya moto yakamwagika ukutani na kwenye kanga ya mama yake. Mama yake alipiga yowe ambalo mpaka leo Gaudensia analiigiza. Ndani, wanaume walikuwa wamekaa kuuzunguka ua, mgongo ukutani, wanatazamana. Kule Udaipur ua unakupa kivuli wakati jua linachoma mawe. Kwetu Mbinga, mwezi wa sita, ulitunza baridi kama mtungi. Ukungu ulishuka kutoka juu ukakaa nasi kama mwanaukoo. Hakukuwa na njia ya kutazama, hakukuwa na mpita njia wa kuitwa, hakuna wa kuulizwa anakwenda wapi. Walikula haraka. Ndipo baba mdogo akasema, "Kaka, tumekuja kula au tumekuja kuungama?" Wote wakapasuka kwa kicheko. Baba naye akacheka, lakini alichelewa kidogo, na kila mtu aliona kwamba amechelewa.

Baada ya hapo zikaja sababu. Huyu mguu, yule ana mgeni, mwingine kahawa yake iko kwenye vichanja na ukungu unatishia. Baba aliendelea kupanga viti, akaweka beseni la maji ya kunawa, akakaa uani akisubiri. Chakula cha mama kikapoa. Wavulana wawili watatu wakaja, wakala, wakakimbia. Na jioni moja upepo ulipogeuka, tulisikia vicheko vikipanda kutoka chini ya mteremko, kwa baba mdogo Romanus. Vicheko vya wanaume wengi waliokaa mahali pa wazi. Baba alisikiliza kama mtu anayesikiliza jina lake linasomwa. Sengu ilikuwa imehamia kwa mdogo wake. Hakuna aliyefanya kikao, hakuna aliyetangaza, miguu ya watu tu ndiyo iliyoamua. Na mkubwa wa ukoo yupo, mzima, ana meno yake yote! Kwetu sisi Wamatengo hilo ni kama kusomewa misa ya wafu ungali unakohoa.

Alingoja siku kadhaa, halafu akasema neno lililomtoa mama machozi. "Pakueni. Chakula kinakwenda sengu ilipo." Mimi nilikuwa nimeshapata nguvu, macho yamerudi meupe, na tumbo langu liko bapa kama kiganja, watu wameshaona na wameshahamia kwenye dhambi nyingine. Kwa hiyo mimi ndiye niliyejitwisha sinia. Baba alitangulia na fimbo yake na koti lake la Jumapili. Njia inapita mbele ya nyumba zote, katikati ya vichanja vya kahawa, na saa ile kila mtu yuko nje. "Shikamoo, baba mkubwa!" Walimsalimia kwa heshima kuliko siku zote, ile heshima unayompa mtu uliyeanza kumwonea huruma. "Marahaba, marahaba," akajibu kila mmoja, hakumruka hata mtoto. Tulipopita kisimani, nyuma yangu mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kuimba, "Ukiiga tembo kunya..." akaachia hapo, wenzake wakamalizia kwa kikohozi. Baba mdogo alituona kwa mbali, akasimama, akampisha kiti chake mwenyewe. "Karibu, kaka, karibu." Baba akamwambia asisumbuke, akakaa kwenye kigogo pembeni, mahali wanapokaa wageni na wakwe. Nikapiga goti nikaweka sinia chini. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, pamoja na sinia, pamoja na chuo, pamoja na Mewar yote. Hakunitazama. Kama angenikemea pale mbele ya watu ningemshukuru.

Sasa kuna sehemu ambayo Gaudensia haielezi, nadhani hakuwahi kuiona hivyo, na mimi mwenyewe nimeiona nimeshazeeka. Wakati baba anateremka mlima na fimbo yake, ndani ya ile nyumba mama alikuwa ameanza maisha mengine. Katika nyumba ya zamani jiko lake lilitazama uwanjani, na uwanjani kulikuwa na wanaume tangu asubuhi. Hakuweza kunyoosha miguu mchana bila mtu kumwita kwa jina langu, "Mama Desi, kama umepumzika hebu tuletee maji." Alioga kabla hakujapambazuka. Nywele zake mimi mwanawe sikuwa nimeziona wazi wakati wa jua. Mle uani, saa sita jua lilipoingia kutoka juu, alitandika mkeka, akavua kitambaa, akaosha kichwa, akajilaza tu, mikono imetupwa huku na huku. Mara ya kwanza nilidhani anaumwa. Halafu wenzake wakaanza kuja. Walikuja na visingizio, huyu anaazima ungo, yule anarudisha ungo, hata mama yake Gaudensia, mke wa yule yule baba mdogo, alikuja kuomba moto huku kwake kuna moto. Mlango mfupi haukuwasumbua, waliinama wakaingia kama maji. Wakakaa, wakapakana mafuta miguuni, wakanywa togwa, wakasema mambo yao. Mama yangu akawa anacheka kicheko nisichokijua, kinachoanzia tumboni. Siku moja nikamsikia anamwiga baba anavyopita mlangoni, anavyojikunja na koti lake na kuguna, na wale wanawake wakalia kwa kucheka.

Chumba changu kipya kilitazama ua huo. Nilikuwa mezani naandika insha. Nakumbuka vizuri nilichokuwa naandika: upande wa wanawake katika majumba ya Mewar, nyua zao zilizofungwa, madirisha yao ya mawe yaliyotobolewa tobo tobo ili malkia waone shughuli za nje wasionekane. Niliandika ni mfalme yupi aliongeza ukumbi gani, matao ni ya zama zipi, marumaru ilitoka machimbo gani. Na nje ya dirisha langu mama anamchekea baba, baba ambaye jioni atajivika koti akale kwa mdogo wake kwa sababu yangu. Niliona haya kwa niaba ya baba. Nikainuka nikafunga dirisha, tena kwa kishindo. Kicheko kikakatika. Baadaye kidogo wakaanza tena, lakini kwa sauti za chini, kama watu walio kanisani. Wakati wa matanga ya mama, mahali pale pale palijaa waombolezaji, tukapata mahali pa kuwalaza wote, na kila mgeni akasema nyumba ina nafasi nzuri. Mimi nilikuwa natafuta pale chini mahali mkeka ulipokuwa.

Maana ua ule uliishia kuwa uwanja. Mvua za kwanza zilipokuja, mabati ya pande zote yakamwaga maji ndani, ua ukawa bwawa, vijana wakauliza kambale watavuliwa lini. Siku chache kabla sijarudi India, asubuhi, baba alinikuta nafunga kopo langu la michoro. Mkononi alikuwa na nyundo. Alikuwa mpole kuliko siku zote. "Desi, nionyeshe nibomoe wapi paa lisije likatuangukia." Hakuniuliza kama abomoe. Aliniuliza wapi, kama unavyomwuliza mtaalamu, na nina hakika alichagua kuniuliza hivyo ili nibaki na kitu. Nilichukua mkaa jikoni nikachora mstari kwenye ukuta wa mbele, kutoka stoo hadi kona, upande mzima: mlango mfupi, kishoroba cha kupinda, vyote. Nilipopita jikoni kuchukua mkaa mama alikuwa anachambua maharage. Alinitazama mkononi. Alijua. Aliendelea kuchambua.

Baba akapiga la kwanza. Wa pili alikuwa baba mdogo Romanus, hakuna aliyemwita, alitokea tu kwenye kahawa na mtaimbo begani, wanawe nyuma yake, kisha ukoo mzima. Wakapiga wakiimba, wakiitana majina ya utani, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. "Mfalme, sogea usije ukaumia!" baba mdogo akamwambia kaka yake, na baba akajibu, "Wewe ndiye uliyeniponza, ungesema neno badala ya kuguna!" Wakashikana mabega wakacheka, na mimi nikalia kwa furaha pale pembeni, maana nilimwona baba yangu amerudi. Kufikia jioni upande wa mbele ulikuwa chungu ya matofali, na kutoka uani uliona njia, kahawa, mteremko wote mpaka kwa watu. Viti vikapangwa. Mpita njia wa kwanza akaitwa kwa sauti kumi, akaja, akapewa tonge, wakampigia makofi.

Mama na wenzake walipika jikoni, na moshi, na haraka. Niliingia kumsaidia kupakua. Alikuwa amejifunga kitambaa chake barabara, mpaka kwenye nyusi. Akanipa sahani nishike, akainama juu ya sufuria, halafu akauliza bila kunitazama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Desi, hao wake wa wafalme, wa kule ndani. Kabla ya kujengewa, walikuwa wanaulizwa?"

Nilisimama na sahani. Mama akaacha mwiko, akanigeukia, akangoja. Alingoja kweli, akidhani natafuta kwenye kumbukumbu. Nilijua jumba lile lote, kila ua na mwenye kuujenga, ningeweza kulichora gizani.

"Sijui, mama."

"Hawakuwafundisha hilo?"

"Hatukufundishwa."

"Na wewe hukuuliza."

Kabla sijajibu, huko nje baba mdogo Romanus, ameshiba furaha, akapaza sauti, "Mama Desi! Wewe mama Desi! Tuletee maji ya kunawa, watu wana njaa!" Mama akaitika, "Abee!" Akachukua beseni, akatoka nalo uwanjani, akapiga goti mbele ya wa kwanza, na kutoka njiani kila aliyepita aliweza kumwona.